Neno Lililoandikwa Kifuani pa Mama

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka la dobi pale Kilifi, nikiwa na haraka zangu za mchana, na mtu ndani alikuwa akipiga pasi shuka zilizotiwa wanga. Ile harufu ya unga mbichi ukikutana na chuma cha moto ilinisimamisha njiani. Mwenye mkokoteni nyuma yangu alipiga mluzi nimpishe. Nilimpisha, lakini sikuendelea na safari. Nilisimama kando ya mlango kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau. Wenzangu wa rika langu, ambao mama zao walifanya kazi katika mahoteli ya huku kwetu pwani, watanielewa. Kuna harufu ambazo hazikuwa za nyumbani, lakini zilirudi nyumbani kila jioni ndani ya nguo za mama, mpaka zikawa ndizo harufu za mama mwenyewe.

Mama yangu hakuanza na harufu ya wanga. Alianza na harufu ya ndimu na samaki wa kukaanga, kwa sababu alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Watamu. Namna alivyohama kutoka harufu moja hadi nyingine ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, na nitaisimulia bila kupunguza sauti. Kwa miaka mingi niliificha kama kitu cha aibu. Sasa nimefika umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na aibu ile nimeiangalia vizuri, nikaona haikuwa yetu.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili huko Barani, Malindi, katika nyumba ya Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mjane, Mswahili wa Malindi hasa, mwenye maneno yaliyokamilika na yasiyo na haraka. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba na Mama walitoka Kitui wakiwa wachanga katika ndoa, wakifuata kazi, na mimi nikazaliwa huku. Nyumbani Mama aliniita *mwiitu*, yaani binti kwa Kikamba, na nje aliniita Mwende kama watu wengine wote.

Baba alikuwa mtu wa winchi. Alifanya kazi bandarini Mombasa, akiendesha ile mashine inayonyanyua mizigo kutoka tumboni mwa meli, na kila mwisho wa mwezi alipokuja nyumbani nilimkalia magotini nikataka kusikia habari za winchi kuliko habari za mtu yeyote. Aliinua mkono wake juu ya meza, vidole vikining'inia, akauteremsha polepole na kunyakua kikombe changu cha chai. “Meli hata iwe kubwa kama Barani nzima,” alikuwa akisema, “haiwezi kujipakua yenyewe. Lazima ingojee winchi.” Kichwani mwangu hapakuwa na kitu chenye nguvu kuliko winchi, wala chenye heshima.

Baba alifariki nikiwa na miaka minane, kwa maradhi ya siku chache ambayo hakuna aliyenieleza jina lake. Tulimzika Kitui, kisha tukarudi Malindi, kwa sababu kazi ya Mama ilikuwa Malindi na mimi nilikuwa na shule. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyeninyanyulia kila kitu. Alitoka asubuhi kwa gari la wafanyakazi, akarudi jioni na viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akapika, akanikagulia madaftari, akafua. Sikumbuki kumsikia akicheka mwaka ule wote.

Ndiyo maana naikumbuka vizuri jioni aliyorudi akicheka.

Hoteli ilikuwa imepata meneja mpya kutoka ng'ambo, na meneja huyo alikuwa ameigeuza baa ya ufukweni kuwa kilabu cha Kiingereza cha karne zilizopita. Aliweka mapipa badala ya meza, akatundika kamba na taa za chuma, na wahudumu wanawake akawashonea nguo mpya. Mama alizivaa mbele yangu nizione. Ilikuwa sketi ndefu ya kahawia, blauzi nyeupe iliyoacha mabega wazi, na kizibao cheusi cha kubana kilichofungwa kwa kamba mbele kama kiatu. Upande wa moyo palibandikwa beji nyeupe yenye maandishi meusi: WENCH SUE. Sue lilikuwa jina walilomkatia kutoka Susana.

“Neno gani hilo la kwanza, Mama?”

“Meneja amesema ni neno la zamani la Kiingereza. Maana yake ni wasichana.” Akajitazama katika kioo kidogo kilichokuwa ukutani, akaanza kucheka. “Mimi na umri huu, eti msichana!”

Bi Rukia alikuwa mlangoni amekuja kuomba chumvi. Alimtazama Mama kuanzia chini, akafika kwenye mabega, akasimama hapo.

“Na mabega haya, Mama Mwende, nayo meneja amesema ni ya zamani?”

Mama akacheka zaidi. Bi Rukia hakucheka. Aliingia chumbani kwake akatoka na leso, akamfunika nayo mabegani, akaifunga fundo mbele. “Huko kazini utafanya watakavyo,” alisema. “Njiani utajistiri na hii.”

Mimi nilibaki nikilitazama lile neno. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza na nilikuwa na kiburi cha mtoto wa kwanza. Nililisoma kimoyomoyo: wenchi. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba Kiingereza hakisemwi kama kinavyoandikwa, kwamba hata neno lao la kisu linaanza na herufi ambayo hakuna anayeitamka. Basi nikapiga hesabu zangu. Wenchi, winchi. Wazungu wa zamani waliliandika hivi, wa siku hizi wanalisema vile. Habari ya wasichana niliiona kuwa kosa la Mama, ambaye aliishia kidato cha pili na Kiingereza chake kilikuwa cha mezani. Hoteli ilikuwa imeona nilichokiona mimi, kwamba huyu ndiye anayenyanyua kila kitu, na imempa cheo cha Baba. Nililala siku hiyo nimeridhika kuliko siku yoyote tangu tulipotoka makaburini.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Tsuma, aliyetufundisha darasa la nne, alituagiza tuandike insha ya Kiingereza kuhusu mzazi. Niliandika kurasa mbili. Nilianza hivi, na sentensi hiyo sijaisahau: mama yangu ni *wench*. Nikaeleza kwamba baba yangu naye aliishi na kitu hicho hicho Mombasa, kwamba ni kitu chenye nguvu sana, kwamba wageni wa Watamu humngojea mama yangu kama meli zinavyongojea. Nikamaliza kwa kusema kwamba nikikua nitakuwa *wench* pia.

Mwalimu Tsuma alizisahihisha pale pale darasani, sisi tukichora. Nilimwona alipofika kwenye daftari langu. Aliinama, akasoma, akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akainuka, akaenda dirishani na daftari, akamwita mwalimu mwenzake aliyekuwa akipita uani.

“Hebu njoo usome hii. Soma mwanzo, kisha soma mwisho.”

Walisoma wakishikana mabega. Yule mwingine alipiga kofi kwenye kizingiti cha dirisha mara tatu, akashindwa hata kusimama wima. Darasa zima likaanza kucheka kwa sababu walimu wanacheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani nimeandika kitu kizuri mno.

“Mwende,” Mwalimu Tsuma akaniuliza akijifuta macho, “nani amekwambia mama yako ni hiyo?”

“Imeandikwa kwenye beji yake, mwalimu.”

Wakaanza upya.

Kufikia mapumziko maneno yalikuwa yametoka dirishani yakaenea uwanja mzima. Msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye dada yake alifanya kazi Watamu, akaja akasimama mbele yangu na wenzake watatu. “Mama yako ni malaya,” alisema, “na wewe umeandika kwamba utakuwa malaya. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako.” Nilimrukia. Alikuwa mkubwa kwangu mara mbili, na nilirudi nyumbani bila kola na bila vifungo viwili, lakini naye alirudi kwao na alama ya meno yangu mkononi, na hilo sikulijutia wakati ule wala silijutii leo.

Mama alipofika jioni hakuniuliza mengi. Aliona shati, akaketi kitandani, akanyoosha mkono. Nilimpa daftari, nikamwambia walimu walilicheka. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye habari za Baba na Mombasa kidole kilisimama, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. “Winchi,” alisema. “Ulidhani ni winchi.”

“Si ndiyo?”

“Walicheka nini?”

Nikamwambia neno la msichana wa darasa la saba. Mama akainuka akaenda kubisha kwa Bi Rukia. Marehemu mume wa Bi Rukia alikuwa karani, na katika kabati la nyumba ile kulikuwa na kamusi ya Kiingereza kubwa kama tofali, iliyofunikwa kitambaa. Tuliketi watu watatu kwenye mkeka wa ukumbini. Mama akaniwekea kitabu mapajani.

“Wewe ndiye msomaji. Lisome lote.”

Nililitafuta kwa kidole. Maana ya kwanza ilisema ni neno la kale la kumwita msichana au mwanamke kijana.

“Si ndivyo alivyosema?” Mama akamwambia Bi Rukia, kama anayejitetea.

“Kuna ya pili, Mama. Msichana mtumishi.”

“Sawa. Kazi ni kazi.”

“Kuna ya tatu.” Hiyo sikuielewa. Ilikuwa na maneno marefu nisiyoyajua. Mama akaichukua kamusi, akaisogeza karibu na taa, akasoma mwenyewe. Kidato cha pili kilimtosha. Aliifunga taratibu, akaifunika kitambaa chake kama alivyoikuta.

“Inasemaje?” aliuliza Bi Rukia.

Mama akamwambia kwa neno moja, lile lile la uwanjani.

Nilitazamia atalia, au atanichapa. Hakufanya hata moja. Alikaa na mikono juu ya kile kitabu, akasema, si kwetu hasa, “Meneja amenisomea mstari mmoja. Akajua iko mingine miwili, akafunga kitabu. Na mimi nikacheka, Bi Rukia. Nilisimama mbele ya kioo nikacheka.”

Alichosema Bi Rukia sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. “Nikwambie kitu cha nyumba hii, Mama Mwende, na nisamehe. Nyanya yangu alikuwa na mtu akimwita kijakazi. Mwenyewe nilimwona, mvi kichwani, meno yamekwisha kutoka, anaitwa kijakazi njoo, kijakazi nenda. Ukilisikia tu utadhani ni msichana mdogo. Mtu yule alikufa hajawahi kuitwa mtu mzima. Basi neno lako hilo mimi nalijua. Limekuja limevaa kizungu tu.”

Asubuhi iliyofuata Mama alinisindikiza shuleni kabla ya gari la kazi. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu Tsuma alikuwa mlangoni mwa darasa, na alipomwona nilijua kwamba alikuwa akitafuta pa kupita.

“Habari za asubuhi, mwalimu.”

“Nzuri, mama. Lile la jana lilikuwa utani tu, watoto wana mambo…”

“Mtoto wangu amekosea herufi moja,” Mama akasema, akalifungua daftari mahali penyewe. “Aliandika *e* badala ya *i*. Naomba umsahihishe.”

Mwalimu akatoa kalamu nyekundu. Alisahihisha ya kwanza, akataka kurudisha daftari.

“Zote, mwalimu. Ameliandika mara nyingi.”

Alisimama pale mlangoni, wanafunzi wakipita pembeni yake, akisahihisha herufi moja moja mpaka mwisho wa ukurasa wa pili. Ilikuwa kurasa mbili kuhusu mama ambaye ni winchi, na sasa ilisomeka sawasawa.

“Na alama?” aliuliza Mama.

Akatia alama. Zilikuwa nzuri. Hakuomba radhi, wala Mama hakungoja.

Kama ingeishia hapo ningekuwa na kumbukumbu ya kuchekesha. Lakini Jumamosi Mama aliniamsha, akanivisha nguo za Jumapili, akaazima kamusi kwa Bi Rukia na kuifunga ndani ya leso, na tukapanda pamoja gari la wafanyakazi. Njiani alinifundisha kutamka yale maneno marefu ya maana ya tatu, silabi kwa silabi, huku wanawake wengine wakitutazama.

“Maana yake nini?” nilimuuliza.

“Utayasoma tu kama yalivyo. Si yako. Ni yao.”

Kabla ya chakula cha mchana wahudumu walipangwa mstari mbele ya kaunta ya ile baa ya mapipa, meneja akiwakagua kucha na nguo. Walikuwa wanawake sita. Mama alisimama wa mwisho, mimi nyuma yake nikikumbatia kamusi. Wageni wawili wazee, mume na mke, walikuwa tayari wameketi pembeni na maji ya madafu. Meneja alikuwa mwanamume mrefu mwenye uso wa kucheka, si mkali kabisa, na hilo lilinichanganya, maana nilitarajia jitu.

“Sue, beji wapi?” Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

“Iko mkononi, bwana meneja.”

“Weka hapa.” Akagusa kifua chake mwenyewe.

“Kwanza nataka binti yangu akusomee.”

Alinitazama mara ya kwanza, akatabasamu, labda alidhani nimeletwa kuimba. Nilifungua kamusi. Nikapoteza ukurasa, na Mama hakunisaidia kuutafuta. Alingoja. Nikaupata. Nilisoma maana ya kwanza kwa sauti ndogo. Mama akasema, “Ongeza.” Nikaongeza. Nilisoma ya pili. Nilipoanza ya tatu nilikuwa nikisoma kama tunavyosoma sala ya asubuhi shuleni, kwa sauti ya kufika hadi ukuta wa nyuma, silabi zote mahali pake. Yule bibi mgeni aliweka dafu lake mezani. Meneja alikuwa amewiva uso.

“Hii mchezo tu,” alisema. “Watu ya Ulaya nafahamu. Wageni nacheka, basi.”

“Wewe uliniambia maana yake ni wasichana.”

“Ndiyo! Maana ya zamani ni msichana. Mimi hapana sema uongo.”

“Hukusema uongo,” Mama akamjibu. “Uliacha kumaliza. Na jina langu si Sue. Ni Susana. Nikiwa na wageni waniite Susana, na nikikosea chakula waniite Susana.”

Kutoka mlango wa jikoni ikasikika sauti ya Mzee Kazungu, mpishi mkuu, Mgiriama wa umri uliopita makamo, aliyekuwa ameshika mwiko. Hakumwambia meneja. Alimwambia Mama, lakini kwa sauti ya kusikika na wote. “Mimi kazi yangu ya kwanza kwa wazungu niliitwa boi. Nikaoa, nikaitwa boi. Nikaoza binti, boi. Nikapata mjukuu, siku hiyo hiyo nikaitwa, boi lete chai. Nikadhani neno lile limekwisha. Kumbe lina dada yake.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja katika mstari, Kache, alibandua beji yake akaiweka kwenye kaunta. Wale wanne wengine waliangalia sakafu. Kwa muda mrefu niliwachukia wale wanne. Siku hizi nawafikiria kwa utulivu zaidi, kila mmoja na watoto wake, lakini sitasema uongo kwamba sikuwachukia.

Meneja alipanga maneno yake. “Sawa. Kama hapana taka, hapana kazi ya baa. Wewe na wewe, dobi. Leo.”

Dobi ilikuwa nyuma ya hoteli, chumba cha mvuke chenye bati juu, ambako wageni hawafiki na bahashishi haifiki. Kila mtu pale alijua hiyo ni adhabu. Mama aliiweka beji juu ya ile ya Kache.

“Nitaenda,” alisema. “Shuka hazitaniita kitu.”

Tulipotoka nje nililia. Aliniuliza ninalia nini, nikamwambia tumeshindwa.

“Nani amekwambia tumeshindwa? Umeniona nikimwomba kitu?”

Sikuwa nimemwona. Nilijaribu kukumbuka tena, na sikuwa nimemwona.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuja kunukia wanga. Alifanya kazi ya dobi kwa miaka iliyobaki ya shule yangu, na sitaipamba miaka hiyo. Mvuke ulimchoma viganja mpaka ngozi ikawa ngumu. Nilivaa viatu vilivyonibana vidole hadi nikavikata mbele, na kulikuwa na majuma tulipokula muhogo asubuhi na jioni. Kache alichoka baada ya miezi michache, akaenda kufanya kazi Bofa, huku Kilifi. Siku moja nilimwuliza Mama kama alijuta. Alikuwa akilowesha miguu kwenye karai. Alisema, “Nachoka. Kuchoka si kujuta.” Zile beji ziliondolewa kabla mwaka haujaisha, pamoja na zile nguo za mabega wazi. Sijui kama ni kwa ajili yetu, au yule bibi mgeni alilalamika, au wageni walichoka tu na mapipa. Hakuna aliyemwita Mama arudi kwenye meza, na yeye hakuulizia.

Mimi nilisoma. Nilikwenda chuo kikuu kusomea lugha, na sidhani ni siri kwa mtu yeyote kwa nini. Mwaka wa pili, maktabani, nilikutana nalo tena katika kitabu kinene cha asili ya maneno ya Kiingereza, na nilisimama pale katikati ya makabati kama niliyesimamishwa tena mbele ya kaunta. Kitabu kilisema kwamba zamani sana, wakati Kiingereza hakijafanana hata kidogo na hiki cha leo, neno lile lilikuwa refu kidogo na lilimaanisha mtoto. Mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Asili yake inahusiana na udhaifu, na yule asiyesimama imara bado. Kisha likakatwa mkia, likabaki kuwa la watoto wa kike. Kisha la wasichana wa mashamba na wa kazi. Kisha likafika pale nilipolikuta katika kamusi ya karani wa Malindi. Kwa muda mrefu hapakuwa na uovu wowote ndani yake, na watu walimwita hivyo binti yao wa kumzaa.

Wanafunzi wangu huniuliza neno huharibikaje. Nafundisha sekondari hapa Kilifi, na huwa nawajibu kwamba hakuna mkutano uliokaa ukaamua. Lilishushwa ngazi baada ya ngazi, kila mara mtu mwenye nafasi aliposema na mwanamke asiye na nafasi. Anayewaambia kwamba hilo ni neno la zamani tu, wamtake asome mpaka mwisho wa ukurasa.

Lakini Mama sikuwa nimemwambia. Miaka yote hiyo tulilizunguka lile neno kama shimo lililoko uani. Siku ile ya harufu ya wanga, nilipoondoka mlangoni pa dobi sikurudi kazini. Nilipanda gari la kwenda Malindi. Nilimkuta Barani, katika nyumba ile ile, ambayo warithi wa Bi Rukia wamemwachia apange kwa heshima ya siku nyingi. Alikuwa ameketi kibarazani na ungo wa ndengu, akizichambua.

“Mbona saa hizi? Kuna msiba?”

“Hakuna. Nimekuja kukueleza maana ya nne.”

Hakuuliza maana ya nne ya nini. Mikono iliendelea na ndengu. Nikamweleza yote, kutoka mtoto wa zamani mpaka chini. Alisikiliza bila kuinua kichwa, akitupa vijiwe pembeni kimoja kimoja.

“Kwa hiyo lilianza likiwa mtoto.”

“Ndiyo, Mama.”

“Wa kike au wa kiume?”

“Yeyote.”

Akapepeta ungo mara mbili, maganda yakaruka. Nilidhani ameliacha. Ana miaka sabini kasoro, na mambo mengi huyaacha siku hizi. Kisha akaniangalia kwa macho yale yale aliyonitazama nayo nilipopoteza ukurasa.

“Basi yule bwana meneja alimbandika neno hilo mtu ambaye siye,” alisema. “Mimi nilikuwa mtu mzima. Mtoto alikuwa nyuma yangu, na ndiye aliyemsomea.”